Sifa Kumi na Mbili za Kitunguu cha Tlawi

Wewe ulikiona. Usigeuze uso sasa. Kilikuwa kwenye simu yako: kitunguu saumu kidogo cha zambarau, mizizi yake bado ina udongo, kimewekwa juu ya kitenge kilichopauka. Ulikitazama kwa muda wa kupepesa jicho, ukasukuma kidole juu, ukamwendea kitunguu mwenzake, yule mkubwa mweupe wa ng'ambo, aliyeoshwa akang'aa kama jino la bandia, kwa sababu yeye alikuwa wa kwanza kwenye orodha na alikuwa na nyota tano. Hukuuliza nyota zile zilidondoka kutoka mbingu ipi. Ulilipa, ukala, ukasahau.

Tlawi, kijiji chetu cha mlimani huku Mbulu, haisahau. Tlawi inakumbuka ushirika ulipokufa na ghala lake likarithiwa na popo. Inakumbuka tulipoambiwa biashara sasa ni huria, kila mtu auze atakako, na wa kwanza kupanda mlima na uhuru huo akawa dalali mwenye gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mama wa miezi tisa, kisha linaitwa gunia moja. Inakumbuka mwaka elfu mbili na mbili, tulipokatwa kutoka Arusha tukapewa mkoa wetu wa Manyara, tukaambiwa huduma zimesogea. Zilisogea kweli. Dalali naye akasogea. Halafu zikaja simu, soko likaingia kiganjani, tukaambiwa kwa mara ya tatu kwamba sasa tuko huru.

Habari hii ni ya uhuru huo wa tatu. Ni ya mapenzi pia, na ilianzia stendi ya Mbulu, Alhamisi moja ya mwezi wa sita, kwenye dirisha la vifurushi.

Ukungu ulikuwa bado umekalia paa za maduka. Waendesha bodaboda walijikunyata ndani ya makoti, mikono kwapani. Rogathe Akonaay alikuwa amesimama kwenye foleni na mifuko mitatu ya kitunguu saumu, mtu wa miaka ishirini na tisa, mrefu, sweta la kijani alilofuma mwenyewe, kitenge chenye ndege weupe, na chini buti za mvua kwa sababu kutoka Tlawi asubuhi hakuna kiatu kingine chenye akili. Mbele yake palikuwa na mwanaume aliyekuwa anafungua kifurushi chake palepale, kwa pupa ya mtu aliyeumwa na baridi muda mrefu.

Akatoa jaketi. Jeusi, zito, la manyoya shingoni. Akaliinua juu. Akaliteremsha. Akaingiza mkono mmoja, na mkono ukakwama kwenye kiwiko.

Rogathe alicheka kabla hajajua kwamba anacheka.

"Samahani kaka," alisema. "Una mtoto wa darasa la pili?"

"Sina mtoto hata wa chekechea," mwanaume alijibu, bado amekwama. "Nisaidie kutoa, dada, kabla damu haijasimama."

Akamvuta, jaketi likatoka.

"Kwenye picha lilivaliwa na mtu mzima," alilalamika. "Tena mwenye kifua! Na watu mia mbili wamelisifu. Mia mbili! Nyota tano tupu."

"Watu mia mbili," Rogathe alisema, "au mtu mmoja mara mia mbili?"

Yule mwanaume akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mezani kwake siku zote. Kisha pua yake ikageukia ile mifuko.

"Na hiki ni nini? Harufu yake imeniamkia kabla yako wewe."

"Imekushinda adabu basi, maana wewe hujaniamkia mpaka sasa. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, dada. Naitwa Octavian. Niko maabara pale hospitali, mwezi wa tatu tangu nihamishiwe. Kwetu Kamachumu, Bukoba. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mahali Tanzania hii mtu anaweza kufa kwa baridi mwezi wa sita."

"Pole, daktari."

"Mimi si daktari, ni mtu wa maabara."

"Huku kila mwenye koti jeupe ni daktari. Isipokuwa muuza nyama, na hata yeye tunamfikiria."

Alinunua nusu kilo asiyoihitaji. Akaomba namba ya simu, ili aagize tena. Rogathe alimpa, huku akiwaza kwamba mtu mmoja, asiye na mpishi nyumbani, nusu kilo ya kitunguu saumu ingemtosha mpaka Noeli. Octavian alipiga siku ya tatu.

"Kimeisha?" Rogathe alimuuliza.

"Kimeisha kabisa."

"Umekila?"

"Nimekigawa wodi nzima, nipate sababu ya kupiga."

Ndivyo yalivyoanza. Mchana wa mapumziko yake Octavian alipiga. Jioni, Rogathe akirudi kutoka bustanini, alipiga yeye. Siku za Jumapili walikutana mjini baada ya misa, wakanywa chai ya maziwa kwenye mgahawa wa nyuma ya soko. Rogathe alimfumia sweta la kijivu, akamwambia avae, asitoe maoni. Octavian akavaa, likamkaa kama ngozi.

"Huyu fundi angekuwa mtandaoni ningempa nyota sita," alisema.

"Hakuna nyota sita."

"Kwa hiyo ningemwoa."

Rogathe alimpiga kwa kijiko begani, lakini njiani kurudi Tlawi alitabasamu peke yake mpaka mwendesha bodaboda akamuuliza kuna nini.

Mtandaoni kwenyewe ndiko kulikokuwa na kazi. Rogathe alikuwa amefungua duka kwenye soko la simu liitwalo Gulio Wazi, kwa niaba ya wanawake ishirini na watatu wa Tlawi wanaolima kitunguu saumu. Alijifunza mwenyewe, akiuliza huku na huku. Mwaka mzima duka lilikuwa na wateja wachache tu. Jumapili moja Octavian aliketi karibu naye, akafungua simu yake.

"Tazama mnunuzi anavyotafuta," alisema. "Naandika 'kitunguu saumu'. Haya. Ukurasa wa kwanza: kile cheupe, cheupe, cheupe kilichosagwa. Sasa hesabu na mimi." Alisukuma, akasukuma. "Ukurasa wa kumi na moja. Huyu hapa Rogathe."

"Nani anafika huko?"

"Aliyepotea njia."

"Na wanaofika wanasema mbona kichafu."

"Kwa nini usikioshe, mpenzi?"

"Kikioshwa kinaoza kabla hakijafika Singida. Udongo ndio koti lake."

Octavian akasoma meseji za wateja, na ghafla akashika kichwa. "Rogathe! Huyu ameandika neno moja: 'Bei?' Wewe umemjibu hivi: 'Habari za huko. Mmeamkaje? Huku mvua bado, ukungu tu. Nyumbani wote wazima? Wewe ni mwenyeji wa wapi?'"

"Sasa?"

"Alitaka bei!"

"Na mimi nilitaka kujua naongea na nani. Mtu aingie nyumbani kwangu, asinisalimie, aniulize bei kama mgambo wa sokoni? Ningemwambia bei akishajibu."

"Hakujibu. Alikwenda kwa yule mweupe. Mteja wa mtandaoni ana kidole kimoja kwenye bei na kingine mlangoni."

"Basi atoke salama. Wanaojibu ndio wateja wangu." Akatoa daftari la shule kwenye mkoba. Humo aliandika kila mteja ambaye yeye aliwahi kumtumia kifurushi, na salamu zake: Letisia wa Morogoro, mama yake anaumwa goti. Hilda wa Dodoma, mtoto yuko kidato cha pili, anaogopa hesabu. Eva wa Arusha, amefiwa na mjomba. "Hawa ninawajua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika."

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema chochote," Octavian alisema taratibu. "Duka lako halina neno hata moja la mnunuzi. Ndiyo maana liko kumi na moja. Mtu anaona kimya, anadhani ni kaburi."

Hapo, msomaji, usijifanye hukusikia.

Mwezi wa tisa kitunguu kiling'olewa. Kilikuwa kizuri kuliko miaka yote, na wanawake wale ishirini na watatu wakafanya jambo ambalo Tlawi haikuwahi kulifanya: waligoma kumuuzia Alfredi. Alfredi ndiye dalali, mtu mnene wa kofia ya pama, ambaye baba yake alileta lumbesa ya kwanza, na yeye akaongeza kilemba. Walikitundika kitunguu chote kwa mafungu kwenye nyumba ya kukaushia ya Mama Konsolata, mwenyekiti wao, wakasema kitauzwa kwa simu ya Rogathe au hakitauzwa.

Alfredi alikuja, akachungulia ndani, akacheka kwa upole, na upole wake ndio ulioudhi zaidi.

"Mama Konsolata, shikamoo. Kizuri sana. Mvua za vuli zikianza kitachipua kama majani ya ng'ombe. Mimi sina haraka. Nitapita na lori."

Zilibaki wiki sita au saba mvua ianze. Kila mtu alijua kinachongojewa: kitunguu kile kikichipua, Alfredi atakichukua kwa gunia la kilemba na bei atakayoitaka, na hakuna mwanamke wa Tlawi atakayegoma tena katika uhai wake.

Ndipo, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, nyota zikaanza kuanguka.

Ya kwanza iliandikwa na Salumu wa Tanga: kitunguu bora kabisa, nyota tano. Kisha mama mmoja wa Iringa mwenye mapacha. Kisha Zainabu wa Kigamboni. Siku kumi, sifa kumi na mbili. Duka likapanda: ukurasa wa saba, wa tatu, kisha siku moja asubuhi Rogathe akaandika "kitunguu saumu" na kitenge chake kilichopauka kikatokea cha pili kutoka juu. Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Maagizo yakaingia. Kila basi la asubuhi lilishuka na mifuko ya Tlawi. Mama Konsolata alicheza kwenye nyumba ya kukaushia akiwa na kitambaa cha kichwa mkononi.

"Octavian, umeona?" Rogathe alimpigia.

"Nimeona, mpenzi. Si nilikwambia?"

Sauti yake ilikuwa na furaha, lakini ilikuja haraka mno, kama mtu aliyekuwa ameishika simu akingoja.

Jumatano mchana Rogathe alikaa kizingitini na daftari lake, aandike salamu za hawa wateja wapya kumi na wawili. Alimtafuta Salumu wa Tanga. Hakumwona. Mama wa mapacha, hayumo. Akarudi nyuma mwaka mzima, ukurasa kwa ukurasa. Hajawahi kumtumia mtu mzigo Kigamboni, wala kumsalimia Zainabu yeyote, na yeye hamtumii mtu kitu bila kumsalimia. Akafungua tena sifa ya Zainabu, akaisoma yote kwa mara ya kwanza.

"Harufu yake iliniamkia kabla sijafungua mfuko."

Akalifunga daftari. Kisha akavaa buti, akasimamisha bodaboda, akashuka mjini.

Octavian alitoka maabara na koti lake jeupe, chini yake limechungulia sweta la kijivu. Alipoona uso wa Rogathe tabasamu lilimfia.

"Zainabu wa Kigamboni ni nani?"

Octavian akafunga kifungo cha koti.

"Nakuuliza, Octavian."

"Ni mimi."

"Salumu wa Tanga?"

"Mimi."

"Yule mama wa Iringa?"

"Mimi."

"Hata mapacha?"

"Hata mapacha," alisema, akitazama chini. "Nilitumia laini zangu mbili na namba za ndugu zangu wa kwetu, Gulio haliulizi kama umenunua. Rogathe, nisikilize. Kitunguu chako ni kizuri, sikudanganya kwenye kitunguu. Wengine wote wanafanya hivi. Mimi mwenyewe nilinunua jaketi la mtoto kwa sababu ya sifa. Nilijua zinafanya kazi. Nilikuwa nakuona unavyoamka saa kumi na moja, nikaona Alfredi anavyocheka, nikashindwa kukaa kimya."

"Ulinifanya jaketi," Rogathe alisema.

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo mbele ya watu. Ulinifanya jaketi, Octavian! Watu wa Gulio sasa wakinunua wananunua Zainabu. Wakinipenda wanampenda Salumu. Na maneno uliyoniambia mimi, mimi peke yangu, pale stendi, umeyapeleka ukayauza. Futa."

"Nikifuta utarudi kumi na moja. Mvua iko njiani."

"Futa zote. Na usinipigie."

Alifuta jioni ileile, moja baada ya nyingine. Rogathe aliziona zikipungua kwenye simu, kumi, saba, mbili, hakuna. Asubuhi duka lilikuwa ukurasa wa tisa.

Mama Konsolata hakucheza siku hiyo.

"Mwanangu, hebu nieleze vizuri," alisema, amejishika kiuno. "Maneno yalikuwa ya uongo?"

"Ya uongo, mama."

"Kitunguu kilikuwa cha uongo?"

"Hapana, mama."

"Sasa kwa nini umeyafuta kabla hatujamaliza kuuza? Ungefuta Desemba!"

Wanawake wakacheka, lakini kicheko chembamba. Mmoja akasema Alfredi amepiga simu, lori lipo Jumatatu. Mwingine akasema heri lumbesa kuliko majani. Rogathe alijua kama hawezi kuwajibu sasa hatawajibu tena.

"Nipeni mpaka Jumatatu hiyo," alisema. "Kama hakuna kitu, nitamfungulia Alfredi mlango mimi mwenyewe."

Alikwenda nyuma ya nyumba akaandika dukani kwake, bila kumshauri mtu, tangazo ambalo Gulio humtumia kila aliyewahi kununua au kupita pale:

"Habari za huko. Naitwa Rogathe, wa Tlawi, Mbulu. Sifa kumi na mbili zilizokuwa hapa hazikuandikwa na wanunuzi. Zimefutwa. Kama ulinunua kwa ajili yake na unataka kurudisha, rudisha. Kitunguu ni kilekile, kina udongo wake. Wewe uliyekinunua miezi iliyopita unakijua kuliko mimi. Huku mvua bado. Wasalimie nyumbani."

Alhamisi watu mia nne walisoma. Ijumaa wakasoma mia sita. Hakuna aliyenunua. Hakuna aliyesema neno. Walipita kama watu wanavyopita penye ajali, wakapunguza mwendo, wakatazama, wakaendelea. Jumamosi mawingu yalijikusanya upande wa Endagikot na Rogathe hakula. Mara tatu alilishika jina la Octavian kwenye simu, mara tatu akaliacha. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alimkosa. Alikosa hata yale malalamiko yake ya baridi.

Jumapili, wakitoka kanisani, simu ililia mkobani. Letisia wa Morogoro ameandika.

Nyota tatu.

Rogathe alisogea pembeni ya watu. Akasoma amesimama, jua machoni:

"Nimetoa tatu kwa sababu kilikuja na udongo nikachafua meza, na punje zake ndogo, kumenya ni adhabu. Lakini kwenye mchuzi nilikuwa natumia punje sita za kile cheupe, hiki natumia moja. Nimenunua mara nne sijawahi kusema kitu, nilidhani wengine watasema. Huyu muuzaji aliniuliza goti la mama yangu kabla hajanitajia bei. Rogathe, goti linaendelea vizuri, ameanza kwenda sokoni mwenyewe."

Akasoma tena. Akakaa kwenye ngazi za kanisa na buti zake na kitenge cha Jumapili, akalia, akacheka, watu wakampita wakimwuliza kulikoni na yeye anainua tu simu juu.

Baada ya Letisia wakaja. Hilda wa Dodoma: "Udongo, kweli. Lakini kimekaa miezi minne jikoni hakijalegea. Mtoto amepata B ya hesabu, nilikuwa sijakwambia." Eva wa Arusha: "Nilipofiwa huyu dada alinipa pole. Kitunguu kinawasha macho." Wengine alikuwa amewasalimia mara moja tu, wakarudi kumjibu salamu za mwaka jana. Mpaka jioni walikuwa thelathini na mmoja, na karibu wote wanalalamikia udongo.

Jumatatu saa mbili, lori la Alfredi likinguruma nje ya uzio, simu ya Rogathe ililia. Namba ngeni.

"Habari za huko," ilisema sauti nzito ya mwanamke. "Naambiwa kwako lazima nianze hivyo. Naitwa Efrazia, niko Dodoma, natengeneza achari, nauzia maduka na mahoteli. Huku wote wazima, mume wangu ana mafua. Tayari?"

"Tayari, mama, shikamoo. Poleni na mafua."

"Marahaba. Sasa sikia. Mimi nikinunua kitu mtandaoni huwa sisomi sifa, nasoma lawama. Nimesoma zenu zote. Kama lawama yenu kubwa ni udongo, nina maji. Mnacho kiasi gani?"

Rogathe aligeuka, akatazama mafungu yaliyojaza nyumba mpaka kwenye paa, na wanawake waliokuwa wameacha kupumua.

"Nyumba nzima, mama."

"Naichukua nyumba. Lakini kwa kilo, kwenye mizani. Sitaki magunia yenye vilemba."

Mama Konsolata ndiye aliyetoka kuzungumza na Alfredi. Alimwamkia vizuri, akamuuliza habari za mke, za watoto, za barabara, za lori lenyewe, injini haijambo? Robo saa nzima. Kisha akamwambia hakuna mzigo. Alfredi alivua kofia, akaivaa, akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake apande mlima ule lori lilishuka tupu.

Mizani iliazimwa Endagikot. Wakati wanapima, Rogathe aliinua macho akamwona Octavian mlangoni, sweta la kijivu, viatu vimejaa tope, amebeba kifurushi cha karatasi ya kaki.

Wanawake wakaiacha mizani, wakamgeukia wote kwa pamoja.

"Nimesoma lawama zote," Octavian alisema. "Thelathini na moja. Hakuna hata moja ambayo ningeweza kuitunga. Mimi nilimtungia mama wa Iringa mapacha, na sikukumbuka kumpa hata salamu moja kutoka kwako." Akakihamishia kifurushi kwapani. "Nilikwambia taja bei kwanza. Nilikosea. Na yale maneno ya stendi niliyatoa nje, hilo ndilo nililokosea zaidi. Sikuja kuagiza kitu."

Rogathe alifuta mikono kwenye kitenge, polepole.

"Habari za huko?" alisema.

Octavian hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na uso mzima ukafunguka.

"Nzuri."

"Mama yako Kamachumu hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia. Hajui kama tumegombana."

"Kazini?"

"Kazini baridi."

"Umekula?"

"Sijala vizuri tangu Jumatano."

"Mimi pia," Rogathe alisema. "Ingia, shika fungu hilo, usisimame mlangoni kama dalali."

Walipakia mpaka mchana. Octavian alipomvuta pembeni akaanza, "Rogathe, nataka nikuulize...", Rogathe alimziba mdomo kwa kiganja kinachonuka kitunguu.

"Hilo usiniulize hapa. Nenda kwa baba. Na umsalimie vizuri."

Alikwenda Jumapili iliyofuata, amefuatana na katekista wa mjini aliyekubali kumsindikiza kwa vile ndugu zake wako mbali. Mzee Akonaay alikuwa ameketi ndani karibu na moto, blanketi begani, fimbo magotini. Rogathe na mama yake walikaa upande wa pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za safari?"

Habari za safari zikaenda. Zikaja habari za mvua, iliyokuwa imeanza usiku ule na sasa inagonga bati kwa raha ya wote, maana kitunguu kilishafika Dodoma. Zikaja habari za Bukoba: ng'ombe wapo? Migomba inazaa? Ziwa limekaa upande gani? Octavian alifungua kile kifurushi chake cha kaki, zawadi ya mama yake iliyopanda basi siku mbili: senene waliokaangwa, wakavu, wa kahawia.

Mzee aliwainamia wale senene.

"Hawa kwetu huwa tunawafukuza shambani," alisema.

"Kwetu tunawangoja mwaka mzima, mzee."

Mzee Akonaay alichukua mmoja kwa vidole viwili, akamtafuna. Akafikiri. Akachukua wa pili. Saa nzima ilikuwa imepita na Octavian, mwenye kidole kimoja kwenye bei na kingine mlangoni, alikuwa anatokwa jasho katika nchi ya baridi. Katekista akasema sasa neno lililowaleta. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, huku hatuna ndugu yako hata mmoja," alisema. "Sifa nimezisikia kwa katekista, ni kazi yake. Mimi nataka mtu anayeujua ubaya wako. Yuko nani?"

Mvua ikagonga bati. Octavian alifungua mdomo, lakini Rogathe alikuwa ameshasema.

"Mimi hapa, baba."

"Sema."

"Alinitungia uongo mara kumi na mbili, akidhani ananisaidia. Nilipomwambia afute alifuta zote siku ileile, akijua ninaweza kumwacha. Hakujitetea kwa watu. Analalamika baridi kila siku ya Mungu. Na kusalimia ndiyo anajifunza."

"Huo ndio ubaya wote?"

"Ninaoujua mpaka leo, ndio huo."

Mzee Akonaay aligeuza fimbo yake, akaiegemeza ukutani, na kila aliyekulia nyumba ile alijua maana yake ni kwamba maneno yamekwisha na chakula kiletwe.

"Kama lawama ni hiyo," alisema, "mpeni blanketi huyu mtu."

Rogathe akaleta blanketi, akamfunika mabegani mbele ya wazazi wake, na mikono yake ikakaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Octavian akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa ameizuia tangu mwezi wa sita.

Ndiyo hayo. Walifunga ndoa baada ya Pasaka. Nyumba ya kukaushia ya Mama Konsolata imeongezwa chumba.

Sasa turudi kwako. Letisia alinunua mara nne akanyamaza, akidhani wengine watasema. Wengine hao ni wewe. Ulipendezwa, ukanyamaza, na kimya chako ndicho kilichomweka mwenzio ukurasa wa kumi na moja, ndicho kilichomwita Zainabu asiyekuwepo, ndicho anacholishia lori lake Alfredi. Tulinyamaza ushirika ukafa. Tulinyamaza gunia likavishwa kilemba. Simu hiyo unayoishika usiiweke chini. Mtafute mtu uliyenunua kwake kitu kizuri ukaondoka bila neno. Andika ubaya wake, andika uzuri wake, kwa jina lako. Msalimie kwanza. Andika sasa hivi, kabla hujafanya lingine lolote.